Miunganisho iliyohifadhiwa ndani ya QGIS: kuisoma kwa Python na kujua inakokupeleka

Swali kutoka kwa msomaji wa Chumbageni, Tanga:

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ofisi inayotunza ramani za viwanja na mabomba ya maji. Tuna kompyuta kama kumi, zote zina QGIS, programu ya ramani, na kila mtu alijitengenezea mwenyewe miunganisho ya PostGIS, yaani hifadhidata ya PostgreSQL inayotunza data za ramani. Sasa seva inahamishwa na anwani yake itabadilika. Bosi anataka orodha: kila kompyuta imeunganishwa na seva ipi, hifadhidata ipi, kwa jina gani la mtumiaji, na kama nywila imehifadhiwa. Nimeandika skripti ya Python inayotumia QgsSettings, kile chombo cha QGIS cha kusoma mipangilio yake. Nikiiendesha ndani ya QGIS inaleta majibu, nikiiendesha nje inaleta orodha tupu bila hata kulalamika. Halafu inasema kila muunganisho umehifadhi nywila, wakati najua mingine haikuhifadhi. Nakosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza mawili, nami nitakujibu matatu, maana hilo la tatu usilouliza ndilo litakalokuletea simu za malalamiko asubuhi ya kwanza baada ya seva kuhama. Tuanze na orodha tupu.

Miunganisho yako imeandikwa kwenye faili la maandishi liitwalo QGIS3.ini, ndani ya folda ya profaili ya mtumiaji. Kwenye Windows, kwa profaili ya kawaida, liko hapa:

```
C:\Users\<mtumiaji>\AppData\Roaming\QGIS\QGIS3\profiles\default\QGIS\QGIS3.ini
```

Kwenye Linux ni `~/.local/share/QGIS/QGIS3/profiles/default/QGIS/QGIS3.ini`. Lifungue kwa Notepad (QGIS ikiwa imefungwa, tafadhali) utafute neno PostgreSQL. Utakuta kitu cha namna hii:

```
[PostgreSQL]
connections\selected=Viwanja Tanga
connections\Viwanja%20Tanga\host=192.168.10.5
connections\Viwanja%20Tanga\port=5432
connections\Viwanja%20Tanga\database=viwanja
connections\Viwanja%20Tanga\username=upimaji
connections\Viwanja%20Tanga\savePassword=false
connections\Viwanja%20Tanga\password=
```

Nafasi kwenye jina imegeuzwa kuwa %20, na kila kipengele cha muunganisho kina mstari wake. QgsSettings inapoulizwa inasoma humo humo, ila inabadilisha alama ya `\` kuwa `/` na kukurudishia jina lenye nafasi kama ulivyoliandika.

Sasa, QgsSettings inajuaje kwamba faili la kusoma ni hilo? Haijui. QGIS inapowaka, kabla dirisha halijafunguka, huiambia maktaba ya Qt, ambayo QGIS imejengwa juu yake, mambo manne: jina la taasisi ni QGIS, jina la programu ni QGIS3, mipangilio iandikwe kwa mtindo wa ini, na folda ni ile ya profaili iliyochaguliwa. Skripti yako ikiendeshwa nje hakuna aliyesema maneno hayo. Qt inatumia mazoea yake, na kwenye Windows mazoea yake ni kwenda kwenye rejista ya mfumo, ambako hakuna muunganisho hata mmoja. Haikosei, kwa hiyo hailalamiki. Imetafuta mahali pasipo na kitu, ikakuletea hicho hicho.

Dawa ni kusema hayo manne wewe mwenyewe, kabla ya kuunda QgsApplication:

```python
import os
from qgis.PyQt.QtCore import QCoreApplication, QSettings
from qgis.core import QgsApplication, QgsSettings

profaili = os.path.join(os.environ['APPDATA'],
                        'QGIS', 'QGIS3', 'profiles', 'default')

QCoreApplication.setOrganizationName('QGIS')
QCoreApplication.setApplicationName('QGIS3')
QSettings.setDefaultFormat(QSettings.Format.IniFormat)
QSettings.setPath(QSettings.Format.IniFormat,
                  QSettings.Scope.UserScope, profaili)

app = QgsApplication([], False, profaili)
app.initQgis()

print(QgsSettings().fileName())
```

Mstari wa mwisho usiuone wa bure. Kila skripti yangu inayogusa mipangilio huanza kwa kuchapa `fileName()`, kwa sababu maswali mengi ya "mbona haioni muunganisho wangu" huishia hapo: ama faili si lenyewe, ama profaili si yenyewe. Endesha mstari huo huo kwenye konsoli ya Python ndani ya QGIS, ulinganishe. Njia zikitofautiana hata kwa neno moja, usiendelee mbele. Na ukiendesha skripti hii kwenye Windows, tumia `python-qgis.bat` inayokuja na QGIS yenyewe, si Python uliyoipakua kando. Hiyo nyingine haitaiona moduli ya qgis.

Nimetaja profaili. Watu wengi hawajui kwamba QGIS inaruhusu zaidi ya moja kwa mtumiaji mmoja, na kwenye ofisi ambayo kompyuta moja inatumiwa na watu wawili au watatu kwa zamu, kila mmoja anaweza kuwa na yake. Ukisoma `default` peke yake utamkosa aliyejitengenezea profaili ya "mabomba".

Tuje kwenye nywila. Bila shaka umeandika kitu kama hiki:

```python
if s.value('PostgreSQL/connections/' + jina + '/savePassword'):
    print('nywila imehifadhiwa')
```

Faili la ini halina aina za data. Kila kitu mle ni maandishi, kwa hiyo unachorudishiwa si `False` ya Python bali neno lenye herufi tano, `'false'`. Kwa Python, maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Ndiyo maana kila muunganisho umekujibu "ndiyo". Kinachochanganya zaidi ni kwamba muunganisho uliotengenezwa dakika tano zilizopita, QGIS ikiwa bado wazi, unaweza kukurudishia `False` ya kweli, kwa kuwa thamani bado iko kwenye kumbukumbu na haijasomwa upya kutoka kwenye faili. Ukifunga programu na kuifungua, jibu linabadilika. Mtu anaweza kukesha akitafuta mdudu wa namna hiyo.

Taja aina unayoitaka, uachane na kubahatisha (`njia` hapa ni `'PostgreSQL/connections/' + jina + '/'`):

```python
imehifadhi = s.value(njia + 'savePassword', False, type=bool)
bandari    = s.value(njia + 'port', 5432, type=int)
```

Hata hivyo mimi nisingeuliza `savePassword` kabisa. Hicho ni kisanduku ambacho mtu alikitia alama au hakukitia. Swali la bosi wako ni kama nywila imo kwenye faili, basi liangalie faili: je, ufunguo wa `password` una kitu ndani yake? Na usitumie `contains()`, kwa sababu QGIS huandika ufunguo huo hata ukiwa mtupu, kama ulivyoona kwenye mfano hapo juu.

Baada ya kusema yote hayo kuhusu QgsSettings, nikwambie kwamba kwa hifadhidata siyo njia ninayoipendekeza ukiwa ndani ya QGIS. Majina ya funguo ni mambo ya ndani ya programu. Watengenezaji wana haki ya kuyabadilisha, na kwa miunganisho ya WMS na XYZ (ramani zinazoletwa kama picha kutoka kwenye mtandao) wameshayabadilisha: matoleo ya awali ya QGIS 3 yaliiweka chini ya `qgis/connections-wms` na `qgis/connections-xyz`, matoleo mapya yameihamishia chini ya `connections/`. Skripti iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya zamani inaleta orodha tupu kwenye mpya, na unarudi pale pale ulipoanzia.

Tangu toleo la 3.10 kuna njia rasmi, ambayo ni kumuuliza mtoadata mwenyewe (provider, sehemu ya QGIS inayoongea na aina moja ya data):

```python
from qgis.core import QgsProviderRegistry, QgsDataSourceUri

mtoa = QgsProviderRegistry.instance().providerMetadata('postgres')

for jina, m in mtoa.connections().items():
    u = QgsDataSourceUri(m.uri())
    print(jina, u.service(), u.host(), u.port(),
          u.database(), u.username(), u.authConfigId())
```

Hapa hujali funguo zinaitwaje wala ziko wapi. Badilisha `'postgres'` uweke `'spatialite'`, `'mssql'` au `'ogr'` kwa ajili ya GeoPackage, na mtindo ni ule ule. Jambo moja tu nakukataza: usichape `m.uri()` nzima kwenye orodha ya bosi. Kama nywila ilihifadhiwa, imo humo, waziwazi, na orodha hiyo ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi hairudi tena. Hifadhidata ya viwanja ina majina ya wamiliki, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si suala la adabu ya kazi peke yake.

Usishangae baadhi ya mistari ikikosa `host`. Muunganisho unaotumia huduma (service) ya PostgreSQL huandika jina la huduma tu, na anwani yenyewe iko kwenye faili jingine, `pg_service.conf`. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndiko ninakotaka uishie. Mistari mingine itakosa jina la mtumiaji lakini itakuwa na `authConfigId`, herufi na tarakimu saba zisizo na maana kwa macho. Hizo zinaelekeza kwenye `qgis-auth.db`, hifadhidata ndogo ya SQLite iliyomo kwenye folda ile ile ya profaili, ambamo majina na nywila vimesimbwa kwa nywila kuu ya mtumiaji. Kwa orodha yako, andika kwamba muunganisho unatumia usimbaji na upite. Nywila kuu ni ya mwenye kompyuta. Huna haja ya kuiomba, na yeye hana haja ya kukupa.

Kuna mtego mdogo unaohusiana na hilo. `u.uri()` ikiitwa bila kitu ndani ya mabano, hujaribu kuufungua usimbaji na kukuandikia jina na nywila halisi. Ukitaka ibaki kama ilivyo, andika `u.uri(False)`. Nimeona skripti nzuri za kuhamisha leya zikigeuza mradi uliokuwa salama kuwa mradi wenye nywila nje nje, kwa sababu ya mabano matupu.

Kwa WMS na XYZ njia ya mtoadata haikusaidii, itabidi urudi kwenye mipangilio. Badala ya kukariri njia za kila toleo, pitia funguo zote:

```python
s = QgsSettings()
for ufunguo in s.allKeys():
    if 'connections' in ufunguo and ufunguo.endswith('/url'):
        print(ufunguo, s.value(ufunguo))
```

Si maridadi, lakini inashika za zamani na za sasa.

Sasa kompyuta kumi. Kupita meza hadi meza ukifungua QGIS na kubandika skripti kwenye konsoli kunawezekana, ila kila mtu atakusimamia mgongoni. Ningefanya hivi: QGIS zote zifungwe, ili kilichokuwa kwenye kumbukumbu kiandikwe kwenye faili. Kisha unakili folda ya `profiles` ya kila mtumiaji, ukiacha `qgis-auth.db` ilipo, uziweke pamoja kwenye kompyuta yako kwa jina la mashine. Halafu:

```python
import glob
from qgis.PyQt.QtCore import QSettings

for faili in glob.glob('D:/ukaguzi/*/profiles/*/QGIS/QGIS3.ini'):
    s = QSettings(faili, QSettings.Format.IniFormat)
    s.beginGroup('PostgreSQL/connections')
    for jina in s.childGroups():
        print(faili, jina,
              s.value(jina + '/service', ''),
              s.value(jina + '/host', ''),
              s.value(jina + '/database', ''),
              s.value(jina + '/username', ''),
              bool(s.value(jina + '/authcfg', '')),
              bool(s.value(jina + '/password', '')),
              sep=';')
    s.endGroup()
```

Hapa QSettings imepewa njia ya faili moja kwa moja, kwa hiyo yale manne ya mwanzo hayahitajiki, wala QgsApplication. Ndiyo, nimetumia funguo za ndani baada ya kukuambia uziepuke. Kwa ukaguzi wa mara moja, wa mashine zilizokufa usingizi, hakuna njia nyingine iliyo nyepesi, na utayaona macho kwa macho kama kuna mashine ambayo majina yamekwenda tofauti. Safu mbili za mwisho zinakupa `True` au `False` bila kuonyesha siri yoyote. Ukimaliza, zifute hizo nakala. Baadhi zina nywila.

Mtu atakushauri utumie `configparser` ya Python badala ya Qt. Inawezekana, lakini utapigana nayo: hugeuza funguo zote kuwa herufi ndogo usipoikataza, na ikikutana na alama ya asilimia kwenye thamani hudhani ni maelekezo kwake, ikakwama. Kwa nini ujitafutie ugomvi?

Njia hii ya mafaili ina upofu mmoja. Msimamizi wa mfumo anaweza kuweka faili la mipangilio ya pamoja, `qgis_global_settings.ini`, na miunganisho iliyomo humo mtumiaji anaiona kwenye QGIS kama yake, ingawa haimo kwenye QGIS3.ini yake. QgsSettings huunganisha mafaili yote mawili. QSettings uliyoielekeza kwenye faili moja haifanyi hivyo. Mtu akikuambia "mimi nina muunganisho wa Pangani" na kwenye orodha yako haupo, muulize aliyesakinisha programu kabla hujamwita mwongo.

Utakapopata orodha, jiandae kucheka kidogo. Kutakuwa na "Viwanja Tanga", "viwanja_tanga", "viwanja mpya", "viwanja mpya KABISA" na "test". Zingine zitaonyesha namba ya anwani, zingine jina la seva, na huwezi kujua kwa macho kama ni kitu kimoja. Iulize seva yenyewe, ukiwa ndani ya QGIS:

```python
for jina, m in mtoa.connections().items():
    try:
        print(jina, m.executeSql(
            'SELECT host(inet_server_addr()), current_database()'))
    except Exception as kosa:
        print(jina, 'haifunguki:', kosa)
```

Miunganisho miwili ikileta anwani na hifadhidata ile ile, ni mmoja wenye majina mawili. Isiyofunguka huenda ni ya seva zilizokwishazimwa, au nywila imebadilishwa au haikuhifadhiwa. Ile ya seva zilizozimwa usiihesabu kwenye kazi ya kuhama.

Lakini usifute muunganisho kwa sababu tu unaonekana kama pacha wa mwingine. Huku kwetu ni kawaida kukuta nakala mbili za data ile ile, moja ikiwa kwenye mfumo wa majiranukta wa Arc 1960 UTM kanda ya 37 kusini, yaani EPSG:21037, kama ilivyotoka kwenye ramani za zamani za upimaji, na nyingine kwenye WGS 84, EPSG:32737, kama inavyotoka kwenye GPS. Tofauti kati yake ni mita 300 hivi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwa Ngamiani, ambako mitaa imebanana na inahesabiwa kwa namba, mita hizo zinatosha kulihamisha bomba kutoka barabara yake hadi barabara ya watu wengine. Angalia SRID ya jedwali kwanza, yaani namba ya mfumo wake wa majiranukta.

Sasa lile la tatu. Bosi wako anadhani mkishajua miunganisho yote na kubadilisha anwani kwenye kila mmoja, kazi imekwisha. Haijaisha. Muunganisho uliohifadhiwa hutumika wakati wa kuongeza leya kwenye mradi, basi. Leya ikishaingia hunakili anwani, bandari, hifadhidata na jina la mtumiaji, na kuanzia hapo haiukumbuki tena muunganisho uliotoka. Ni kama mtu aliyenakili namba ya fundi kwenye daftari lake: fundi akibadili laini na wewe ukairekebisha kwenye simu yako, daftari la mwenzio halina habari. Kila mradi wa `.qgz` mliotengeneza miaka yote hii una anwani ya zamani ndani yake. Siku seva ikizimwa, miunganisho itakuwa sawa na ramani zote zitakuwa zimekatika.

Kwa hiyo orodha ya pili, ya leya, ni ya lazima kuliko ya kwanza:

```python
from qgis.core import QgsProject, QgsDataSourceUri

mradi = QgsProject.instance()
for leya in mradi.mapLayers().values():
    if leya.providerType() == 'postgres':
        u = QgsDataSourceUri(leya.source())
        print(leya.name(), u.host(), u.database(),
              u.schema(), u.table(), bool(u.password()))
```

Safu ya mwisho itakushtua. Muunganisho ukiwa umehifadhi nywila bila usimbaji, leya nayo huinakili, na faili la `.qgz` ni zipu tu yenye maandishi ndani. Yeyote uliyemtumia mradi kwa barua pepe ana nywila ya hifadhidata yenu.

Kuzirekebisha, usitafute na kubadilisha maandishi ndani ya faili. Jenga upya sehemu ya muunganisho na uache mengine kama yalivyo. Na hapa ndipo narudi kwenye huduma. Badala ya kuandika anwani mpya kwenye kila leya, mkasubiri seva ihame tena mfanye upya, andika jina la huduma. Kila kompyuta iwe na faili la `pg_service.conf` lenye mistari hii, na kigezo cha mazingira `PGSERVICEFILE` kikilielekeza:

```
[viwanja_tanga]
host=10.0.4.20
port=5432
dbname=viwanja
```

Halafu kwenye mradi:

```python
        if u.host() == '192.168.10.5' and u.database() == 'viwanja':
            u.setConnection('viwanja_tanga', '', '', '',
                            QgsDataSourceUri.SslPrefer, u.authConfigId())
            leya.setDataSource(u.uri(False), leya.name(), 'postgres')
```

Mistari hiyo inaingia ndani ya kitanzi cha juu, baada ya ule wa kuchapa. Nimeacha jina na nywila vikiwa vitupu kwa makusudi: vitoke kwenye usimbaji wa kila mtumiaji, au QGIS iulize mara moja mradi unapofunguliwa. Mitindo ya rangi na lebo haipotei, kwa kuwa `setDataSource` hailazimishwi kupakia mtindo mpya. Fanyia nakala ya mradi kwanza, ufungue jedwali la sifa la leya mbili tatu, uhakikishe safu zipo, ndipo uite `mradi.write()`.

Miunganisho nayo iguse kwa njia ile ile rasmi. Futa iliyokufa kwa `mtoa.deleteConnection(jina)`, na mpya utengeneze kwenye kompyuta moja kwa dirisha la kawaida, uijaribu, kisha uisambaze kwa faili la mipangilio ya pamoja. Kuandika kwa mkono ndani ya QGIS3.ini ya mtu huku QGIS yake iko wazi ni kujitakia hasara.

Mwisho, mwombe anayetunza seva akusaidie jambo ambalo skripti yako haiwezi. Miunganisho inakuonyesha wapi mtu *anaweza* kwenda. Seva ndiyo inayojua nani *anakwenda*. Kwa wiki moja kabla ya kuhama, awe anaendesha hii mara kadhaa kwa siku na kuhifadhi majibu:

```sql
SELECT client_addr, usename, datname, application_name
FROM pg_stat_activity
WHERE client_addr IS NOT NULL;
```

Aiendeshe akiwa na haki za msimamizi, la sivyo baadhi ya safu zitafichwa. Humo mtaona kompyuta ambazo hamkuzihesabu: laptopu ya mpimaji aliyeko Muheza au Pangani anayeingia kwa VPN, na skripti ya usiku ambayo mtu aliiacha kabla ya kuhamishwa kituo. Hizo hazimo kwenye nakala za QGIS3.ini ulizokagua. Baada ya kuhama, seva ya zamani ibaki ikiwaka kwa siku chache katika hali ya kusoma tu, na aendelee kuendesha ulizo hilo hilo juu yake. Anwani yoyote itakayojitokeza ni leya au skripti iliyokupita. Ifuate mpaka kwenye meza yake kabla seva haijazimwa.